Askari asiyelipwa anamlinda nani?

BARUA KWA SHANGAZI MHASIBU

Toleo lililopita nilitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba kabla ya kustaafu niliwahi kufanya kazi Mogadishu. Barua zilizoingia baada ya hapo zimezidi hata zile za mikopo ya vikoba. Toleo hili nimewaachia wenye barua hizo. Nimechagua nne.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tandika. Kijana wangu wa pili ni fundi umeme, amepata mkataba wa miezi sita Mogadishu, kufunga umeme kwenye jengo la ghorofa. Mshahara ni mara tatu ya anaopata hapa. Baba yake anasema Somalia sasa ni wenzetu wa Afrika Mashariki, aende tu. Mimi silali. Majeshi ya nchi zote hizo yamekaa kule miaka na miaka, kwa nini Al-Shabaab hawaishi? Na mwanangu aende au asiende? — Mama wa Tandika*

Marahaba, mdogo wangu. Uliposema hulali nilimkumbuka marehemu mama yangu. Mwaka 2013 nilimuaga kwamba naenda Nairobi. Nairobi nilifika kweli, ila kesho yake nilipanda ndege nyingine, na mama alikuja kujua baada ya miezi minne, kwa mdomo wa mtu mwingine. Sijawahi kujisamehe. Mwanao amekwambia ukweli wote kabla hajaondoka, na hilo tu ni jambo la kumshukuru.

Miaka mitatu niliishi kwenye kambi iliyo ndani ya uzio wa uwanja wa ndege wa Mogadishu. Chumba changu kilikuwa kontena, na nje ya dirisha vimepangwa viroba vya mchanga. Bahari yenyewe ni hii hii ya Kigamboni, naisikia usiku kucha, na sikuwahi kuingiza hata mguu. Kurudi likizo, ndege ilikuwa lazima itue kwanza Wajir, tushuke sote na mizigo tukaguliwe, ndipo turuke tena kwenda Nairobi. Kazi yangu ilikuwa orodha ya mishahara. Wafadhili walikuwa wanatoa posho kwa askari wa serikali ya Somalia, dola 100 kwa mwezi, na sisi tulitakiwa kuhakikisha kila jina lililoandikwa lina mwenyewe, yu hai, na vidole vyake vinasomeka kwenye mashine. Kwa hiyo nitakujibu kihasibu, maana mambo ya bunduki siyajui.

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na kwa zaidi ya miaka 20 nchi ile haikupata serikali kuu iliyosimama. Mwaka 2007 Umoja wa Afrika ukapeleka jeshi lililoitwa AMISOM. Waganda walitangulia, Warundi wakafuata, baadaye wakaingia Wakenya, Wadjibouti na Waethiopia. Mwanzoni walishikilia uwanja wa ndege, bandari, Ikulu na barabara za kuviunganisha, basi. Agosti 2011 Al-Shabaab wakaondoka Mogadishu. Mwaka 2012 wakaipoteza Kismayu, na Oktoba 2014, nikiwa kulekule, wakaondolewa Barawa. Siku ile mwenzangu mmoja wa ofisini, mzaliwa wa Barawa, ambaye Kiswahili chao cha Chimwini nilikuwa namwelewa nusu kwa nusu, alilia mezani kwake hadi tukafunga ofisi mapema. Waafrika wengi walikufa kwa ajili ya siku ile, na sitaki mtu awadharau mbele yangu.

Lakini angalia hesabu. Posho ya askari wa AMISOM ilitoka Umoja wa Ulaya, dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, na serikali zao kwa kawaida zilikata 200 kabla hajaipata. Askari mwenyeji, ambaye ndiye atakayebaki wageni wakiondoka, aliandikiwa 100. Na hiyo mia yenyewe haikumfikia.

Kuna mzee mmoja alikuja kwenye meza yangu ya alama za vidole. Sare imefifia imekuwa rangi ya vumbi, miguuni kandambili. Hajalipwa miezi saba. Mkalimani akanieleza kwamba mkewe anauza chai sokoni, na chai hiyo ndiyo inayomlisha yeye na bunduki yake. Nikamuuliza, sasa mshahara wako anauchukua nani? Akamtupia jicho kamanda aliyekaa kivulini, kisha akainamisha kichwa. Kikosi kile kilikuwa na majina chungu nzima kwenye karatasi. Tulikaa siku tatu, na waliokuja kuweka kidole hawakufika hata nusu yake. Sisi hapa tunawajua watumishi hewa tangu ule uhakiki wa 2016. Kule walikuwa askari hewa, na askari hewa halindi kizuizi usiku.

Tena kila mfadhili alikuwa na kikosi chake. Wamarekani wanafundisha Danab, yaani radi. Waturuki, ambao kambi yao kubwa ilifunguliwa Septemba 2017, wanafundisha Gorgor, yaani tai. Ulaya nayo ina walimu wake, na Falme za Kiarabu zilikuwa na wao. Niliwahi kuingia kikao nikakuta orodha tatu za askari walewale, majina yameandikwa kwa tahajia tatu, na kila mwenye orodha hataki kumwonyesha mwenzake. Nilipiga meza siku ile. Tunasema ushirikiano wa kimataifa, kumbe hata namna ya kuandika Mohamed hatujakubaliana!

Na upande wa pili, mdogo wangu, Al-Shabaab wana daftari. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko milio ya risasi. Lori likifika kwenye kizuizi chao linalipa, dereva anapewa risiti, na kwenye kizuizi chao kingine akiionyesha anapita. Madereva waliniambia kwamba kwenye vizuizi visivyo vya Al-Shabaab unalipa kila kimoja na karatasi hupati. Mahakama zao huamua kesi ya ardhi kwa muda mfupi, na hukumu inatekelezwa, kiasi kwamba watu wanaoishi Mogadishu, kwenye mji wa serikali, husafiri kwenda kushitaki kwao. Mwaka 2020 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo linatoza hata mizigo inayoshushwa bandari ya Mogadishu. Usinielewe vibaya. Hao ndio wanaolaumiwa kwa lori la mabomu la Oktoba 14, 2017, lililoua watu zaidi ya 580. Nilikuwa nimesharudi Dar, nikashinda na simu mkononi nikiwatafuta wenzangu, na wawili hawakupokea tena. Ninachokueleza ni kwamba kundi linalokusanya kodi na kusikiliza kesi halimalizwi kwa kufukuzwa mjini. Jeshi linakukabidhi mji, halafu anatakiwa hakimu, karani wa forodha na mtu wa mishahara, na hao ndio waliochelewa.

Yapo yaliyobadilika. Desemba 2017 Marekani ilisimamisha chakula na mafuta kwa sehemu kubwa ya jeshi la Somalia kwa sababu hesabu hazikueleweka. Mwaka 2019 fedha za askari wengi zilianza kwenda moja kwa moja benki kwa mwenye kidole, bila kupita mkononi mwa kamanda. Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka yule mzee wa kandambili, na naomba Mungu awe alikuwa bado hai. Desemba 2023 Somalia ilikamilisha msamaha wa madeni: deni lililokuwa sawa na asilimia 64 ya pato la taifa mwaka 2018 likashuka chini ya asilimia 6. Mwezi huohuo Baraza la Usalama likaondoa vikwazo vya silaha vya tangu 1992. Jeshi la Umoja wa Afrika nalo limebadilishwa jina mara mbili, ATMIS mwaka 2022 na AUSSOM Januari 2025, lakini tatizo limebaki lilelile la nani analipa.

Sasa kijana. Baba yake hakosei, Somalia ilipokelewa kwenye mkutano wa wakuu wa nchi Arusha Novemba 2023 na ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Mogadishu inajengwa kweli, ghorofa zinapanda kila mtaa, na fundi mzuri anahitajika. Ila uanachama haumkingi mtu na bomu. Mkataba asiusaini kabla hajaupeleka TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ukasomwa. Utafuteni mstari unaotaja bima ya matibabu, na mwingine unaosema nani atagharamia kumrudisha Dar akiumia au akifa. Neno hilo ni baya, lakini liandikwe. Aulize analala wapi, na nani anamsafirisha kutoka anapolala hadi kwenye jengo, maana hatari kubwa iko barabarani na kwenye mahoteli. Mistari hiyo isipokuwepo, asiende, hata wakimwongezea mshahara. Ikiwepo, mimi ningemruhusu, na usingizi nisingeupata kama wewe.

*Shangazi, mimi ni dereva, naishi Mbagala Rangi Tatu. Mke wangu ni Msomali. Kila mwezi tunamtumia mama mkwe dola 80, yuko Mogadishu. Mara mbili sasa muamala umezuiwa, na dirishani niliulizwa maswali mbele za watu kama mhalifu. Tumekosa nini? — Mkwe wa Mogadishu*

Hamjakosa kitu, baba. Na aliyekuuliza mbele za watu amekosa adabu. Maswali hayo yana chumba chake.

Maswali yenyewe yametoka mbali. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachoangalia utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi, kwa sababu udhibiti wetu ulikuwa na mapengo. Tumetolewa Juni 2025, baada ya benki na wakala wote kubanwa wamjue mteja wao. Watu wengi hawajui kwamba sekretarieti ya chombo kama hicho kwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ESAAMLG, iko hapahapa Dar es Salaam. Kwa hiyo karani wako anaogopa, na jina la Mogadishu likitokea kwenye kompyuta anaogopa mara mbili.

Kukagua ni sawa. Ninachopinga ni kufunga mlango kabisa, na hilo liliwahi kufanyika likaumiza wasio na hatia. Novemba 2001 Marekani ilifunga Al-Barakaat, kampuni kubwa kuliko zote za kutuma fedha Somalia, kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Watu waliokuwa wanasubiri hela ya unga wakaamka hawana kitu. Miaka mitatu baadaye wachunguzi wa tume ya Septemba 11, ya Marekani yenyewe, waliandika kwamba ushahidi wa tuhuma zile haukuonekana. Fedha wanazotumiwa Wasomali na ndugu zao walio nje zinazidi dola bilioni moja kwa mwaka. Nchi ile isingekuwa na watu wa kuijenga upya kama si vishilingi vya namna hii yako.

Fanya hivi. Tengeneza bahasha moja: cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho cha mama mkwe, barua ya mwajiri wako inayoonyesha kipato, na risiti zote za zamani. Omba kuonana na meneja, mkabidhi nakala, akugongee muhuri kwamba amepokea. Tuma kwa jina lako daima na tarehe zisiyumbe sana. Usimpe rafiki akutumie kwa jina lake ili kukwepa maswali. Hapo ndipo mtu safi anapoanza kufanana na mchafu.

*Shangazi, niko chuo mwaka wa pili, naishi Ukonga. Kwa nini Tanzania ijiingize kwenye vita vya ugaidi vya wakubwa? Wao wana ugomvi wao, wanaokufa ni sisi. — Mwanafunzi*

Mwanangu, ulikuwa hujazaliwa, ngoja nikusimulie. Ilikuwa Ijumaa, Agosti 7, 1998, kesho yake ni Nane Nane. Nilikuwa ofisini Kinondoni, imeshapita saa nne na nusu asubuhi, nimeinamia leja. Kishindo kikaja na vioo vyetu vyote vikamwagika ndani kwa mara moja. Tulidhani ni gesi. Kumbe ni ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon. Lori la maji lililokuwa langoni ndilo lililokinga sehemu kubwa ya mlipuko. Walikufa watu 11 na 85 wakajeruhiwa. Kati ya waliokufa hapa Dar hakuna Mmarekani hata mmoja. Nairobi, dakika chache kabla yetu, walikufa zaidi ya 200. Umesema wanaokufa ni sisi, na ni kweli, ila tulikufa tukiwa nyumbani, hatujamfuata mtu.

Mmoja wa waliohusika, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kufungwa maisha New York. Mwingine, naye Mtanzania, alikamatwa Pakistan 2004. Polisi wetu peke yao wasingewafikia. Lakini kesi ya huyu wa pili ndiyo ninayotaka uisome, kama unasoma sheria. Alishikiliwa miaka kwenye magereza ya siri ya Marekani na gereza lake la Guantánamo. Alipofikishwa mahakamani 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu, Mtanzania, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280, akatiwa hatiani kwa moja. Alifungwa maisha kwa hilo moja, sawa, lakini familia za Dar zilistahili kusikia kesi nzima. Ushirikiano ninautaka sana, ila uwe wa hati na mahakama. Mateso yaliwanyima haki wafiwa wetu.

Somalia jeshi letu halikwenda. Kongo lilikwenda, kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ya 2013, na Desemba 7, 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kwenye shambulio moja pale Semuliki, na waasi wa ADF ndio waliotuhumiwa. Nilisimama barabarani siku miili inapita. Msumbiji, moto wa Cabo Delgado uliowaka Oktoba 2017 ulivuka Ruvuma ukafika kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Ukikaa Ukonga ukasema ni vita vya wakubwa, nenda Kitaya ukaseme hivyohivyo.

*Shangazi, mimi ni Mzigua wa Handeni, nauza mbao Kimara. Nimesikia Somalia kuna Wazigua. Ni kweli au porojo? — Mzigua wa Kimara*

Ni kweli, na umenigusa, kwa sababu mama yangu niliyemtaja mwanzo alikuwa wa Handeni.

Karne ya 19 babu zetu wengi walipelekwa Somalia utumwani kwa majahazi. Waliofanikiwa kutoroka wakajificha kwenye misitu ya Mto Juba, wakalima, wakaitunza lugha. Wanaitwa Wabantu wa Somalia, na lugha yao Wasomali huiita Kimushunguli. Vita ilipolipuka 1991 waliporwa mashamba, wengi wakakimbilia Kenya, na wengine wakarudi hadi kwetu Tanga. Serikali iliwapa eneo la Chogo, Handeni, na zaidi ya elfu moja wameshapewa uraia wa Tanzania. Ukipata nafasi, panda basi ukawasalimie. Mtaelewana.

Mimi niliyekutana naye alikuwa kwenye foleni ya alama za vidole, askari polisi wa makamo. Mkalimani alimuuliza jina la mama, akajibu, na jina lile lilikuwa la bibi yangu mzaa mama. Nikamsalimia Kizigua. Aliduwaa. Kisha akanishika mkono na hakuuachia, na foleni nzima ikasubiri.

Baadaye tulikaa tukala wali kwa ndizi mbivu kama wanavyokula kule, akanieleza maisha yake. Serikali ya Somalia hugawana madaraka kwa kile wanachokiita 4.5: koo kubwa nne kila moja fungu moja, na wengine wote waliobaki, wao wakiwemo, wanagawana nusu fungu. Alisema, dada, mimi ni nusu ya mtu kwenye karatasi, lakini zamu ya usiku napewa nzima. Hakuwa analalamikia zamu. Alitaka kujua jambo moja, akiniona mimi wa kimataifa nitakuwa na jibu: siku nchi itakapotulia, ni ofisi gani itakayompa hati ya shamba la baba yake pale mtoni, na kwa ushahidi gani, ikiwa waliolichukua ndio watakaokuwa wameshika mihuri. Sikuwa na jibu. Niliandika swali lake kwenye ripoti ya mwezi ule, ukurasa wa mwisho, na hakuna aliyeniuliza kuhusu ukurasa ule. Shamba lenyewe liko karibu na Jilib, na Jilib bado iko mikononi mwa Al-Shabaab.